Barakoa kwa kazi ya asbesto: ipi ununue, uivaeje, na uivue lini

MkaguziVumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Likizo ndefu za shule ndio msimu wa kushusha mapaa ya zamani ya asbesto na kupiga mabati mapya, na picha ni ileile kila saiti: vijana wako juu ya kenchi, mmoja kafunga leso, mwingine kavaa barakoa ya bluu ya hospitali, wa tatu hana kitu. Naomba uzi huu tuuache kwa barakoa tu. Mambo ya vibali na kutupa taka, Tanzania waulizeni OSHA (usalama kazini) na NEMC (mazingira), Kenya DOSHS (usalama kazini) na NEMA (mazingira).

Nianze na kile tunachotaka kukizuia. Nyuzi za asbesto zinazohesabiwa maabara ni zile zenye urefu wa zaidi ya mikroni 5, unene chini ya mikroni 3, na urefu usiopungua mara tatu ya unene. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Maana yake vumbi unaloliona likiruka siyo lenye hatari kubwa. Lile lenye hatari halionekani, linaelea hewani kwa saa nyingi, na halikukohozi siku hiyo. Madhara yake, yaani mapafu kuwa magumu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaozunguka mapafu, kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, na hata zaidi. Kwa hiyo fundi asingoje kifua kimwambie kama barakoa inafanya kazi.

Kabla hujanunua barakoa, punguza vumbi lenyewe. Jaza maji kwenye bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, tia sabuni ya maji kidogo ili maji yapenye badala ya kuteleza juu, kisha nyunyiza kwa ukungu laini. Usipige kwa presha. Bolti zifunguliwe kwa spana, zilizoshikwa na kutu zikatwe kwa mkasi wa chuma. Grenda, msumeno, nyundo ya kuvunjia na ufagio mkavu vikae mbali. Bati lishuke zima, lipokewe kwa mikono, lifungwe kwenye nailoni nene ya geji 1000. Na mtu asilikanyage: asbesto ya zamani huvunjika ghafla, kwa hiyo zitandikwe mbao za kupitia juu ya papi.

Sasa filta. Kwa mfumo wa Ulaya, barakoa za kutupa ni FFP1, FFP2 na FFP3, na filta za kufunga ni P1, P2 na P3. Kwa asbesto ni daraja la 3 tu. Kwa mfumo wa Marekani tafuta P100, ambayo filta yake ina rangi ya zambarau iliyoiva. FFP2 inatakiwa kuzuia asilimia 94 ya chembe za majaribio, N95 asilimia 95, FFP3 asilimia 99, P3 asilimia 99.95, P100 asilimia 99.97.

Hizo asilimia ni za kitambaa cha filta kikiwa kimebanwa kwenye mashine. Usoni mwa mtu, hewa hupita palipo rahisi, na palipo rahisi ni kwenye mwanya kati ya mpira na ngozi. Tukielewana hapo, mengine yote yatafuata.

---

Saiti254

Asante ndugu. Swali kutoka Mombasa: maduka ya hardware hapa yako na zile half mask za wapiga rangi, zenye makopo mawili mashavuni. Muuzaji anasema "hii ni ya kemikali, hata asbesto inazuia". Ni kweli?

---

BintiMwambao

Si kweli, kaka, na hili limewaponza wengi kwa sababu barakoa yenyewe inaonekana ya kitaalamu.

Angalia mstari wa rangi kwenye kopo. Kwa alama za Ulaya, kahawia ni A, yaani mvuke wa rangi na thina. Kijivu ni B, njano ni E, kijani ni K, zote za gesi. Nyeupe ni P, ya chembe. Kopo lenye kahawia peke yake lina mkaa ndani, na mkaa hunasa mvuke. Halikutengenezwa wala kupimwa kwa nyuzi, kwa hiyo usilihesabu kuwa kinga. Ukiona kahawia na nyeupe pamoja, limeandikwa A2P3, hilo linafaa, ila ni zito na unalipia mkaa usiouhitaji. Kwa kopo za Marekani, nyeusi ni mvuke wa kikaboni, zambarau ni P100.

Habari njema ni kwamba mwili wa barakoa hiyohiyo mara nyingi hupokea filta ya P3 au P100 ya kampuni ileile. Nunua filta sahihi, usitupe barakoa. Lakini usichanganye kampuni. Kufunga kwa kulazimisha, au kuzungushia selotepu ili filta ya kampuni nyingine ikae, kunaacha mwanya pale kwenye shingo ya filta, na hapo huna barakoa tena. Kuna barakoa zenye uzi wa skrubu wa kawaida wa milimita 40 ambazo filta zake hubadilishana kati ya kampuni, nyingi ni za uso mzima. Zile za nusu uso nyingi kila kampuni ina kifungo chake.

---

Kenchi_na_Papi

Naomba kuongeza kuhusu za kutupa, maana ndizo zinazonunuliwa sana. Bandia zimejaa sokoni. Ya Ulaya iliyo halali ina alama ya CE ikifuatwa na namba ya tarakimu nne ya taasisi iliyopima, halafu EN 149:2001+A1:2009, halafu FFP3, halafu NR au R. NR maana yake zamu moja tu. Ya Marekani ina neno NIOSH na namba inayoanza TC-84A. Ikiwa imeandikwa FFP3 ila mpira wake unaning'inia masikioni badala ya kupita nyuma ya kichwa, mimi siinunui. Masikio hayana nguvu ya kuibana barakoa usoni. KN95 ni kipimo cha China, kiko karibu na N95, hakifiki kwa asbesto.

Lakini nina pingamizi na mwanzisha uzi. Ameweka FFP3 ya kutupa sawa na filta za kufunga. Sheria ya Marekani ya kazi za ujenzi inakataza wazi barakoa za kutupa kwa asbesto, hata ziwe na filta nzuri namna gani. Kwa nini sisi tuziruhusu?

---

MkaguziVumbi

Pingamizi la haki, mkuu. Nchi zimetofautiana hapa. Marekani wamekataza kabisa: ya chini kabisa kwao ni nusu uso ya mpira yenye filta ya P100. Uingereza wanaruhusu FFP3 ya kutupa kwa kazi fupi za hatari ndogo, kama kufungua bati la asbesto lililo zima na lililoloweshwa, kwa sharti kwamba mkao wake usoni umepimwa kwa kila mvaaji.

Msimamo wangu: kwa kushusha paa zima la shule, siku tano mfululizo, nunua nusu uso ya mpira yenye P3. Ya kutupa iwe kwa kazi ya muda mfupi, mfano kubadilisha bati moja lililopasuka. Sababu siyo filta. Ukingo wa mpira au silikoni unafuata taya linapocheza, na unaweza kuukagua kila siku kwa viganja. Ukingo wa karatasi ukilowa jasho unalainika na kujikunja, na fundi hajui.

---

Saiti254

Na zile za uso mzima? Boss anauliza kama anunue mbili badala ya sita za nusu.

---

BintiMwambao

Mjibu kwa hesabu. Kila aina ina namba ya kinga inayodhaniwa kupatikana kazini kwa mtu aliyefundishwa na kupimwa. Uingereza wanahesabu 20 kwa FFP3 na kwa nusu uso yenye P3, na 40 kwa uso mzima yenye P3. Marekani ni 10 kwa nusu uso na 50 kwa uso mzima. Namba 20 maana yake hewa ya ndani ya barakoa inakuwa na sehemu moja ya ishirini ya nyuzi zilizo nje.

Kikomo kinachotumika sana ni nyuzi 0.1 kwa mililita. Marekani ni wastani wa saa 8, Uingereza wa saa 4. Umoja wa Ulaya umeshateremsha hadi 0.01 kuanzia Desemba 2025. Tuseme kazi imefanywa vibaya na hewa ina nyuzi 2 kwa mililita. Kwa namba 20 unavuta 0.1, uko ukingoni. Kwa namba 10 unavuta 0.2, umepita. Kwa 40 unavuta 0.05. Lakini kikomo siyo mstari wa usalama, na mtu akishafika hewa ya 2 kwenye kazi ya bati zima, jibu ni kurudi kwenye maji na spana kabla ya kupandisha barakoa.

Sasa jambo ambalo mabosi hawaambiwi. Chukua zamu ya dakika 480. Fundi wa kwanza ana uso mzima, namba 40, ila jumla ya dakika 30 anaiteremsha: simu, kumwita mwenzake, kunywa maji. Katika dakika 450 alizovaa amevuta sawa na dakika 11.25 za hewa chafu. Jumlisha zile 30 alizovuta yote: 41.25. Gawanya 480 kwa 41.25, unapata kama 11.6. Fundi wa pili ana nusu uso, namba 20, haikushuka hata mara moja. Bado ana 20. Barakoa ghali iliyoshushwa nusu saa imekuwa dhaifu kuliko ya bei nafuu iliyokaa mahali pake.

Kwa hiyo sita za nusu uso zilizopimwa kwa kila mtu, kuliko mbili za uso mzima zinazopokezanwa. Barakoa ya kupokezana pia ina shida ya pili: mkao ni wa mtu na saizi yake.

---

AbuSalim_Tanga

Assalamu alaykum wakuu. Katika mafundi wetu wapo wenye ndevu kwa ajili ya dini na hawatazinyoa. Mnawashauri nini? Wengine wanapaka mafuta mgando kwenye ndevu wakidai yanaziba.

---

MkaguziVumbi

Waalaykum salaam sheikh. Mafuta hayazibi, yanaulegeza tu ukingo uteleze na yanaharibu mpira. Waambieni waache leo.

Barakoa yoyote inayobana uso, ya kutupa, nusu au mzima, inahitaji ngozi iliyonyolewa pale ukingo unapopita. Na si ndevu ndefu tu. Ndevu za siku mbili zinasimama kama brashi na kuuinua mpira, hewa inapita katikati ya vinyweleo. Kunyoa ni asubuhi ya kazi hiyohiyo, siyo jana yake. Masharubu yasiyofika kwenye ukingo hayana shida, mradi yasiingie kwenye vali ya kutolea pumzi.

Kwa asiyenyoa, njia ipo: kofia au helmeti ya feni. Ni mfuniko wa kichwa usiobana uso, unalishwa hewa na feni ya betri iliyofungwa kiunoni ikiwa na filta ya daraja la 3. Kwa alama za Ulaya tafuta TH3P. Hewa inasukumwa ndani, hivyo inatoka pembeni badala ya kuingia. Bei yake ni mara nyingi ya nusu uso. Kama hela hiyo haipo, ndugu huyo apangiwe kazi nje ya eneo lililozungushiwa utepe, na asipande paa hilo. Hiyo ni heshima kwa dini yake na kwa mapafu yake.

Masharti ya feni: kabla ya kuingia pima mkondo wa hewa kwa kipimo kinachokuja ndani ya boksi, hakikisha betri imejaa, na feni ikizimika ukiwa juu, toka mara moja. Kofia isiyo na feni ni mfuko tu kichwani. Wala usiizime mpaka umeshafutwa vumbi.

---

Mama_Nyundo

Na sisi tunaovaa ushungi? Nimeona mtu akivaa barakoa juu ya ushungi.

---

BintiMwambao

Dada, kitambaa chochote chini ya ukingo ni mwanya, kiwe ushungi, kofia ya ovaroli au kamba ya miwani. Vaa kofia nyembamba inayoanzia nyuma ya paji na kuacha mashavu na chini ya kidevu wazi, fanya hivyo mahali pa faragha, funga mikanda ya barakoa juu ya kofia hiyo nyembamba au moja kwa moja kwenye nywele, hakikisha ukingo umegusa ngozi pande zote, kisha kofia ya ovaroli ije juu ya vyote na ikusitiri. Ovaroli lazima iwe na kofia hata kwa wanaume, na lazima ipite juu ya mikanda ya barakoa. Sababu utaiona kwenye kuvua.

Hatua zenyewe za nusu uso: ingiza kidevu kwanza, leta juu ya pua, mkanda wa juu ukae utosini, wa chini chini ya masikio kwenye kisogo. Usiipishe mikanda msalaba. Kaza pande zote mbili kwa pamoja, kidogokidogo. Ukikaza upande mmoja barakoa inapinda na upande wa pili unafunguka. Kukaza kupita kiasi nako kunaikunja mipira. Kwa uso mzima anza mikanda ya chini, kisha ya kwenye panja, juu ya masikio, ya juu mwisho, ukivuta kuelekea nyuma. Kwa ya kutupa, waya wa puani uufinyange kwa vidole viwili vya mikono yote miwili. Ukiubana kwa mkono mmoja unatengeneza kona kali, na pembeni mwa kona hewa inaingia.

Halafu jaribu kila unapovaa, hata kama ni mara ya nne siku hiyo. Funika filta kwa viganja, vuta pumzi taratibu, shika sekunde 10: barakoa inatakiwa inywee na ibaki imenywea. Kisha ziba vali ya kutolea, toa pumzi kidogo: inatakiwa iumuke bila hewa kutoroka machoni au shavuni. Ikitoroka machoni, tatizo ni pua. Ikitoroka chini, tatizo ni mkanda wa kisogo. Ikikataa mara tatu, badilisha saizi, usipande.

---

Kenchi_na_Papi

Hilo la viganja ni ukaguzi wa kila siku, lakini halichukui nafasi ya kipimo cha mkao cha mwanzo, wakuu. Wengi wanachanganya. Kipimo cha mkao hufanywa mara moja kwa kila mtu na kila aina ya barakoa, Marekani wanarudia kila mwaka, na pia mtu akinenepa au kukonda sana, aking'olewa meno au akipata kovu usoni.

Kipo cha mashine inayohesabu chembe ndani na nje, na kipo cha kuonja ambacho kampuni ndogo inaweza kumudu. Cha kuonja kinatumia dawa chungu iitwayo Bitrex, au sakarini tamu. Seti ina kofia ya plastiki yenye tundu mbele na vipulizio viwili, kimoja cha dawa nyepesi, kingine cha dawa kali. Visichanganywe kamwe. Mpimwaji asile, asivute sigara wala asitafune kitu dakika 15 kabla, maji tu.

Bila barakoa, avae ile kofia, apumue kwa mdomo ulioachwa wazi kidogo huku ulimi ukichungulia. Puliza dawa nyepesi mara 10. Akionja, andika 10. Asipoonja, ongeza 10, halafu 10 tena, mwisho 30. Asiyeonja kwa 30 hapimiki kwa dawa hiyo, jaribu nyingine. Kisha anywe maji, asubiri ladha iishe, avae barakoa yake na filta zake, akae nayo dakika 5, na arudi ndani ya kofia. Sasa puliza dawa kali kwa idadi ileile aliyoonjea, na kila sekunde 30 ongeza nusu yake. Wakati huo afanye kila zoezi kwa dakika moja: kupumua kawaida, kupumua kwa kina, kugeuza kichwa kulia na kushoto, kuinua na kuinamisha, kuongea kwa sauti, kuinama kiunoni, kisha kawaida tena. Akionja wakati wowote, amefeli. Mbadilishie saizi au muundo.

Kosa kubwa: anayepima anauliza "unaonja?" na kijana anataka kazi, anasema hapana. Ndiyo maana kile kipimo cha kwanza bila barakoa ni lazima, kinakuonyesha ulimi wake uko sawa. Na mwambie kabla kwamba kufeli hakumfukuzi kazini, kunampatia barakoa nyingine. Kipimo cha kuonja ni cha nusu uso na za kutupa. Uso mzima ipimwe kwa mashine, la sivyo huwezi kuihesabia namba yake kubwa.

---

Fundi_Breki

Samahani, natoka nje kidogo ya paa. Gereji zetu tunapuliza ngoma za breki kwa kompresa. Breki za zamani nasikia zina asbesto. Barakoa ipi?

---

MkaguziVumbi

Kwanza hiyo kompresa isiguse ngoma, mkuu. Linings za asbesto zimetumika sana na huwezi kuzijua kwa macho. Lowesha ngoma kwa maji ya sabuni kwa kipulizio cha mkono kabla ya kuifungua kabisa, futa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kikiwa bado kimelowa kiingie mfuko wa nailoni na kufungwa. Nusu uso yenye P3 inatosha kwa kazi hiyo. Ukipuliza kwa kompresa unawavutisha hata wateja waliokaa kwenye benchi, ambao hawana barakoa yoyote.

Na mafundi wa mabomba ya maji ya asbesto wasome hapa pia. Mabomba ya presha mara nyingi yalichanganywa asbesto ya bluu, ambayo ni kali kuliko nyeupe iliyozoeleka kwenye mabati. Kukata kwa grenda kwenye mtaro mwembamba ni kujifungia chumbani na vumbi. Kata kwa mnyororo wa kubana, kwa maji.

---

Saiti254

Nimesoma yote. Sasa kuvua. Watu wetu wakishuka tu, kitu cha kwanza ni kutoa mask ili wapumue.

---

BintiMwambao

Hapo ndipo kazi nzuri ya asubuhi nzima inapomwagika. Barakoa ni ya mwisho kutoka. Wakati wa kuvua ovaroli vumbi lililotulia kwenye kitambaa linaruka sentimita chache kutoka puani.

Mpangilio ni huu. Ukingoni mwa eneo, mwenzako akufute au akunyunyizie ukungu wa maji kuanzia mabegani hadi miguuni, naye akiwa amevaa. Futa buti kwa kitambaa cha maji. Buti ziwe za mpira zisizo na kamba, na mguu wa ovaroli upite nje ya buti, kwa sababu matundu ya kamba hayasafishiki. Toa utepe wa vifundo vya mikono, rudisha kofia ya ovaroli nyuma, na hapo ndipo unaona faida ya kuipitisha juu ya mikanda: kofia inatoka bila kugusa barakoa. Viringisha ovaroli ukiigeuza ndani nje hadi miguuni, glavu zitoke nayo, yote mfukoni. Nawa mikono. Futa barakoa kwa nje ukiwa bado umeivaa, ziba midomo ya filta kwa utepe, inamisha kichwa mbele, shika mikanda ya nyuma, ivue ikielekea mbele na mbali na uso. Osha uso na mikono kabla ya maji ya kunywa, chakula au sigara. Na mvutaji wa sigara anayefanya kazi hii ajue kwamba viwili hivyo vikikutana, hatari ya saratani ya mapafu inapanda kuliko kila kimoja peke yake.

Ovaroli ya kutupa iwe ya Aina ya 5 (Type 5), yaani ya kuzuia vumbi. Ya pamba ikienda nyumbani ikafuliwa na mke au dada wa kazi, umemhamishia yeye vumbi.

---

AbuSalim_Tanga

Barakoa inaoshwaje? Na filta, tunaweza kupuliza vumbi tukatumia tena?

---

Kenchi_na_Papi

Filta haioshwi, haipulizwi, haigongwi kwenye tofali. Ukipuliza unatoboa na kuzirudisha nyuzi hewani. Ndiyo sababu ya kuiziba mdomo kwa utepe. Ukiona pumzi inakuwa nzito, au filta imelowa maji, imepasuka, au tarehe imepita, inaenda kwenye mfuko uleule wa taka za asbesto.

Mwili wa barakoa unaoshwa kila mwisho wa siku. Toa filta, toa vali kama mwongozo unaruhusu, osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 43 na sabuni laini, kwa brashi ya meno kuukuu. Maji ya moto yanaupindisha mpira, petroli na thina vinaula. Kuua vijidudu, weka klorini ya sehemu 50 kwa milioni kwa dakika 2. Kwa chupa ya Jik iliyoandikwa asilimia 3.5, hiyo ni kama mililita 1.5 kwa lita ya maji. Ukizidisha mpira unakauka. Suuza sana, kausha kivulini, usianike juani, hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, bila kuikunja wala kuiwekea mzigo.

Kabla ya kurudisha filta, angalia vali ya kutolea. Ni kile kiduara chembamba cha mpira. Unywele mmoja, punje ya simenti au ukingo uliojikunja unaizuia kufunga, na kila unapovuta pumzi, hewa inaingia hapo bila kupita kwenye filta. Hiyo ni sababu mojawapo ya barakoa nzuri kufeli jaribio la viganja bila watu kujua kwa nini. Vali ni sehemu ndogo ya bei nafuu, nunua za akiba.

---

Mama_Nyundo

Joto la Desemba hapa pwani je? Mtu anafunga nusu saa jasho limejaa kidevuni.

---

MkaguziVumbi

Dada, barakoa zisizo na feni mwongozo wa Uingereza ni kutovaliwa mfululizo zaidi ya saa moja. Kwa jua la Dar au Mombasa, na ovaroli juu yake, panga vipindi vya dakika 40 hadi 60, na kazi kubwa iishe kabla ya saa tano asubuhi. Asubuhi kuna faida nyingine, paa limelowa umande. Jasho likijaa, mtu atoke kwa utaratibu wote wa kuvua, siyo kuinua barakoa kwa kidole "limwagike". Hesabu ya dakika 30 aliyoweka BintiMwambao inajengwa na vidole hivyo.

---

Saiti254

Sawa. Tuko sita, siku tano, paa la madarasa manne. Niandike oda gani?

---

Kenchi_na_Papi

Nusu uso za silikoni 8: sita za watu, mbili za akiba za saizi tofauti. Usinunue zote saizi ya kati. Chukua ndogo 2, za kati 4, kubwa 2, kisha kipimo cha mkao kikwambie kama urudishe dukani, kwa hiyo elewana na muuzaji mapema. Filta za P3 jozi 18, yaani jozi tatu kwa kila mtu, maana kwenye kazi ya maji filta hulowa kabla hazijajaa. Vali za akiba 8. Utepe wa kuzibia, brashi, makopo 8 yenye mfuniko, kila moja na jina la mtu. Ovaroli za Aina ya 5: vipindi vinne kwa siku, mara sita, mara tano, ni 120, weka 130 kwa sababu hupasuka makalioni watu wakichuchumaa.

---

BintiMwambao

Ongeza mbili za nusu uso na jozi zake za filta: ya anayepokea mabati chini na kuyafunga nailoni, kama hayumo kwenye hao sita, na ya anayesafisha mifereji ya paa. Yale matope meusi ya mfereji yamejaa nyuzi zilizooshwa na mvua za miaka mingi. Yachotwe kwa koleo yakiwa bado yamelowa, siku ya kwanza, kabla jua halijayakausha.

---

Saiti254

Mfereji sikuwa nimeuweka kwenye mpango kabisa. Oda sasa ni barakoa 10, filta jozi 24, ovaroli tunazihesabu upya kwa watu wanane: 160 na 15 za akiba. Seti ya Bitrex naitafuta kesho asubuhi kabla sijalipa hizo zingine.